Kujilinda Kwenye Chesi, Kujilinda Kwenye Biashara

Leo tunaweka pembeni kidogo mambo ya kupiga picha bidhaa na kujibu wateja. Tunajifunza kujilinda, na mwalimu wetu ni mchezo wa chesi, ule ambao wengine wanauita sataranji.

Mimi nauza mashuka na vyombo. Stoo yangu iko hapa Majengo, Dodoma, na wateja wangu wengi wananipata kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram. Chesi nacheza usiku, boda wa mwisho akishaondoka na mzigo.

Kwa nini kujilinda? Kwa sababu masomo mengi ya biashara yanatufundisha kushambulia tu: tafuta wateja wapya, ongeza mzigo, panua. Ni sawa kabisa. Lakini sisi wenye mtaji wa laki tatu au laki tano, pigo moja linatosha kutumaliza. Mwenye duka kubwa akipoteza laki mbili anasikitika, kesho anafungua. Sisi tukipoteza laki mbili, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada.

Na kwa sisi wa Dodoma ushindani umekuwa mkali. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 wateja waliongezeka, na wauzaji nao wakaongezeka. Mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma, safari ikawa ya takribani saa nne. Ule umbali uliokuwa unatukinga kidogo na bei za Kariakoo umepungua sana.

Kama hujawahi kucheza chesi, usipite. Ubao una miraba 64. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome wawili, tembo wawili (wengine wanawaita maaskofu), farasi wawili na askari wanane. Lengo ni moja: kumbana mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kukimbilia. Mfalme wako akibanwa hivyo, mchezo umeisha, hata kama kete zako nyingine zote bado zipo. Shika hilo, tuendelee.

1. Kabla ya hatua yako, uliza: huyu anataka nini?

Kuna mtego ambao karibu kila anayeanza chesi hukutana nao. Safu za ubao zina herufi a mpaka h, na mistari ina namba 1 mpaka 8. Mweupe anasogeza askari aliye mbele ya mfalme miraba miwili, mweusi naye hivyohivyo. Mweupe anamtoa malkia moja kwa moja mpaka h5. Mweusi anatoa farasi kwenda c6. Mweupe analeta tembo c4.

Sasa tulia uangalie. Malkia na tembo wote wawili wanatazama mraba mmoja, f7, ambao kwa mweusi unalindwa na mfalme peke yake. Zamu ijayo malkia atamla askari wa f7, mfalme hawezi kumla malkia kwa sababu tembo yuko nyuma anamlinda, na mchezo umeisha. Hatua nne tu.

Wengi wanaoanza wanaona malkia yuko karibu, wanafurahi, wanamtoa farasi wa pili kwenda f6 ili kumfukuza. Ni hatua nzuri kwa macho. Lakini malkia hakimbii. Anakula f7, kwisha habari.

Jibu sahihi ni askari wa g kwenda g6. Anaziba njia ya malkia kwenda f7, na hapohapo anamshambulia. Malkia akirudi f3 ili atazame f7 tena kutoka mbele, sasa ndo unamleta farasi f6, naye anaziba. Shambulizi limekwisha. Wewe umetoa farasi wawili, yeye amepoteza muda kumtembeza malkia. Ona kwamba farasi wa f6 ni yuleyule. Mwanzoni alikuwa kosa kwa sababu hakujibu kile mpinzani alichokuwa anataka.

Kwenye biashara mtego huu unafanana na "mteja" wa haraka. Saa moja usiku anaandika anataka mashuka sita. Haulizi saizi, haulizi rangi, haombi punguzo. Dakika mbili baadaye anakutumia meseji ya muamala, anasema boda wake yuko nje, yeye ana safari. Macho yako yanaona oda kubwa. Uliza swali la chesi: huyu anataka nini? Anataka utoe mzigo kabla hujaangalia salio. Ile haraka ndiyo silaha yake.

Jibu lake ni rahisi: "Asante bosi, naangalia salio kisha natoa mzigo." Unaingia mwenyewe kwenye menyu ya simu na kuangalia salio, huitegemei meseji aliyokutumia. Mteja wa kweli hawezi kugombana na dakika mbili. Alinijia mmoja wa aina hiyo. Nilipomjibu hivyo alinitukana, akaacha kujibu, na boda akaondoka mikono mitupu. Mashuka sita yalibaki stoo.

2. Kuna njia tano za kujibu shambulizi. Zipitie zote.

Kete yako ikishambuliwa una njia hizi: kuisogeza, kumla anayeishambulia, kuziba njia, kuilinda ili akila naye aliwe, au kushambulia kitu chake kikubwa zaidi. Anayeshambuliwa ni mfalme? Basi zimebaki tatu za kwanza tu: sogea, kula, ziba. Na kama anayemshambulia ni farasi, hata kuziba hakuna, maana farasi huruka.

Mchezaji aliyeingiwa na hofu anaona njia moja, anaikimbilia. Mlinzi mzuri anapitia zote tano kisha anachagua ile isiyomgharimu sana.

Tuseme jirani yako mtandaoni ameshusha shuka kama lako kwa shilingi 4,000. Wengi wanaona njia moja tu, nao washushe. Hebu tupitie tano.

Kusogea: unamaliza mzigo uliopo, huagizi tena shuka lile, unahamia aina nyingine.

Kumla anayeshambulia: unatafuta chimbuko la nafuu yake. Huenda ananunua kwa bando na wewe unanunua mojamoja. Mkiungana wauzaji watatu mkanunua bando, nafuu yake imekwisha.

Kuziba: unaweka kitu katikati ili bei zisilinganishwe moja kwa moja. Uza shuka pamoja na foronya zake kama seti.

Kulinda: unakaa na wateja wako wa zamani. Unawatumia ujumbe kwa majina yao, unawapa kipaumbele mzigo mpya ukifika, na shuka lenye kasoro unabadilisha bila kelele.

Kushambulia kwingine: unasukuma bidhaa ambayo yeye hana. Hii inanoga, lakini ina sharti. Kwenye chesi inafaa tu kama kitisho chako ni kikubwa kuliko chake. Yeye anachukua wateja kumi, wewe unatangaza bidhaa ambayo hakuna aliyeiulizia, hapo hujajibu kitu.

Na kumbuka jambo moja kuhusu askari wa chesi: kete nyingine zote zinaweza kurudi nyuma, yeye hawezi. Kila unapomsogeza umeacha tundu. Bei nayo iko hivyo. Kuishusha ni sekunde moja, kuirudisha juu wateja wakishaizoea ni kazi ya miezi. Ndo maana iweke iwe njia ya mwisho.

3. Hesabu kwanza, ndipo ulinde

Wachezaji hupima kete kwa pointi: malkia 9, ngome 5, tembo 3, farasi 3, askari 1. Kabla ya kulinda kitu wanahesabu: kinashambuliwa na wangapi, kinalindwa na wangapi, na wana thamani gani. Malkia wako akishambuliwa na askari, kumlinda hakusaidii. Atakula malkia wa 9, wewe utakula askari wa 1. Hapo malkia aondoke.

Turudi kwenye shuka. Umenunua 18,000. Nauli ya mzigo kwa kila shuka 1,000, mfuko 500, makato na bando la intaneti tuseme 500. Jumla 20,000. Unauza 25,000, faida 5,000. Jirani anauza 21,000. Ukimfuata, faida yako ni 1,000. Maana yake uuze mashuka matano kupata faida uliyokuwa unaipata kwa shuka moja. Una nguvu ya kuuza mara tano ya sasa? Una mtaji wa kuyanunua hayo matano? Kama jibu ni hapana, basi unamlinda askari kwa kumtoa malkia.

Kuna wakati hesabu itakuambia acha, kiende. Kupoteza askari mmoja ukabaki umejipanga vizuri sio kushindwa.

4. Kula sio lazima

Hapa mtaani wengi tumekulia kwenye drafti, ubao wa mbao na vizibo vya soda. Kwenye drafti, kete ya kula ikiwepo, lazima ule. Ndo maana mafundi wa drafti wanakutolea kete moja makusudi: unakula moja kwa kulazimishwa, wao wanakula tatu.

Kwenye chesi kula ni hiari. Mpinzani akikuachia kete mahali pa wazi una haki ya kukataa. Lakini tuliotoka kwenye drafti mkono unawasha, tunakula kabla hatujauliza kwa nini imeachwa.

Biashara ina sheria za chesi hapo. Mtu anakuletea mzigo wa "bei ya kutupa", majora ishirini, umlipe leo tu. Uliza: kwa nini anauacha? Umetoboka? Rangi haitoki sokoni? Ni msimu unaoisha? Je, ukiweka mtaji wako wote hapo, wiki ijayo utanunua nini mteja akiulizia mzigo wa kawaida? Ukikosa majibu, iache ipite. Hakuna sheria inayokulazimisha.

5. Mfalme aingie ngomeni mapema

Chesi ina hatua moja ya pekee ambapo unasogeza kete mbili kwa zamu moja. Mfalme anasogea miraba miwili kuelekea kwa ngome, na ngome anaruka kukaa upande wake wa pili. Mfalme anabaki pembeni nyuma ya askari, salama.

Ina masharti. Mfalme na ngome huyo wawe hawajawahi kusogea. Kati yao pasiwe na kete. Mfalme asipite wala kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Na hili ndilo la kukariri: ukiwa tayari unashambuliwa mfalme, hairuhusiwi. Unaweza kuifanya wakati huna shida tu.

Mfalme wa biashara yako ni ule mtaji wa kuzungusha. Kumwingiza ngomeni ni kuutenganisha na pesa ya nyumbani, kwa laini nyingine au akaunti nyingine, na kuweka akiba kidogo ya dharura. Hii inafanyika mwezi mauzo yakiwa mazuri. Siku mwenye nyumba anagonga mlango anataka kodi, akiba haianzishwi siku hiyo.

Bingwa wa kujilinda namna hii alikuwa Tigran Petrosian, Muarmenia wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa dunia kuanzia 1963 mpaka 1969. Sifa yake ilikuwa kuona hatari mapema na kuizima kabla haijaanza. Kwenye mashindano ya Olimpiki ya chesi alicheza michezo 129 na kupoteza mmoja tu. Watazamaji wengine walimwona anaboa. Wapinzani wake walikuwa na malalamiko tofauti: walikuwa hawapati pa kupitia.

6. Ondoa silaha yake ubaoni

Shambulizi linahitaji kete. Ukibanwa, njia mojawapo ni kubadilishana, yake moja kwa yako moja, hasa ile inayokusumbua zaidi.

Mfano mkubwa ni London, mwaka 2000. Garry Kasparov alikuwa bingwa wa dunia tangu 1985, na alikuwa hatari sana akishambulia. Vladimir Kramnik alipokuwa na kete nyeusi alikuja na ulinzi unaoitwa Berlin, ambao unaruhusu malkia wote wawili kuondoka ubaoni mapema. Mfalme wa Kramnik alipoteza nafasi ya kuingia ngomeni, lakini bila malkia, Kasparov angemshambulia na nini? Kramnik aliurudia ulinzi huo mara kadhaa na Kasparov hakuuvunja hata mara moja. Baada ya michezo 15 Kramnik alikuwa ameshinda miwili, mingine 13 ikawa sare, na ubingwa ukahama.

Kramnik hakujaribu kumzidi Kasparov kwa moto. Alimpeleka mahali ambapo moto hauna kazi.

Muuzaji wa Kariakoo atanizidi bei, hilo halina ubishi. Kwa hiyo sibishani naye kwenye bei. Mteja wangu wa Kisasa au Nkuhungu akiagiza asubuhi, mchana boda yuko mlangoni. Analikunjua shuka, analipima kitandani, likimfaa analipa, lisipomfaa linarudi. Nauli ya boda tunakubaliana kabla. Anayetafuta bei ya chini kuliko zote simpati, na nimeridhika. Anayeogopa kutuma pesa mbali kisha apokee kitu tofauti na picha, huyo ananitafuta mwenyewe.

7. Ukizidiwa, usiurahisishie upande wa pili

Kuna siku utakuwa nyuma kweli. Sergey Karjakin, mchezaji wa Urusi aliyepewa jina la utani "Waziri wa Ulinzi", alikutana na Magnus Carlsen kugombea ubingwa wa dunia New York mwaka 2016. Kwenye mchezo wa tatu na wa nne alikuwa na hali mbaya, akakaa saa nyingi anajibu kitisho kimojakimoja mpaka yote ikawa sare. Mchezo wa nane akashinda yeye. Baada ya michezo 12 walikuwa 6 kwa 6. Mwisho Carlsen alishinda kwenye michezo ya haraka, ila alitolewa jasho mpaka tone la mwisho.

Aliyezidiwa anafuata kanuni mbili. Ya kwanza, asibadilishane kete kubwa ovyo, abadilishane askari. Kwa nini? Kwa sababu askari akifika mwisho wa ubao anageuka malkia. Mpinzani akiishiwa askari, ushindi wake unakuwa mgumu. Ya pili, acheze mpaka mwisho. Mfalme asiposhambuliwa, na upande wake ukawa hauna hatua yoyote halali, mchezo ni sare hata kama mwenzako ana malkia. Anayeongoza huwa anazembea hapo.

Kwako wewe uliyekwama: askari anayetembea kuelekea kuwa malkia ni mkopo mdogo wa simu wenye riba. Leo ni elfu hamsini, ukiuacha unakua. Maliza hao wadogo kwanza. Anayekudai mpigie kabla ya tarehe, usisubiri akupigie. Mzigo uliolala uza hata kwa bei uliyonunulia ili pesa irudi mkononi. Ile bidhaa moja inayotoka kila wiki usiiuze kwa hasira, ndiyo itakayokuinua.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari. Andika vitu vitatu vinavyoweza kuumiza biashara yako mwezi huu. Mbele ya kila kimoja jibu: kinataka nini kwangu? Kisha pitia njia tano na uandike ile ya gharama ndogo. Ukikosa kabisa cha kuandika, angalia tena, maana hata Petrosian alikuwa anatafuta.

Ukitaka kujifunza chesi yenyewe, programu ya Lichess ni bure kwenye simu na ina mazoezi ya kujilinda. Na usiseme huu ni mchezo wa wenye nazo. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa kimaskini wa Kampala, alianza mwaka 2005 kwenye kituo cha mwalimu Robert Katende, ambako watoto walipata chesi na kikombe cha uji. Mwaka 2012 alicheza Olimpiki ya chesi Istanbul akapata cheo cha kimataifa, na mwaka 2016 maisha yake yakatengenezewa filamu. Ubao unaweza kuuchora kwenye boksi la mzigo, miraba nane kwa nane.

Somo hili mtumie mwenzako anayetaka kushusha bei leo usiku. Mwambie apitie zile njia tano kwanza.